Mtoto Anamwandikia Nani?

Haya ndiyo niliyoyasema kuhusu kona ya kuandika, ile sehemu ya darasa inayotengwa ili watoto waandike, mbele ya walimu wa madarasa ya chini na wazazi waliokuja kutusikiliza. Nimeyaweka yote, jinsi yalivyotoka kinywani, kwa ajili ya wenzetu waliokosa nafasi ya kufika. Picha za ukutani nimeziacha. Palipokuwa na picha nimeeleza kwa maneno.

Walimu wakuu, walimu wenzangu, wazazi. Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Naomba nianze na swali, na kila mmoja ajijibu moyoni. Mara ya mwisho ulipoandika kitu kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu, kilikuwa nini? Pole kwa mgonjwa? Ujumbe kwa mwanao aliye mbali? Orodha ya vitu vya kununua? Chochote kilichokuwa, ulijua kinakwenda kwa nani. Hata ile orodha, ulijiandikia mwenyewe usije ukasahau sabuni. Hakuna mtu mzima anayeketi akaandika mistari kumi bila kujua nani ataisoma.

Sasa swali la pili. Mwanafunzi wako wa darasa la pili, jana ulipomwambia aandike sentensi tano kuhusu familia yake, alikuwa anamwandikia nani?

Mmenyamaza. Nami swali hili lilininyamazisha miaka mingi, ndiyo maana nimelibeba mpaka hapa.

Nimefundisha madarasa ya chini miaka 22. Mara ya kwanza nilipotengeneza kona ya kuandika, niliifanya kwa moyo wangu wote. Nilisogeza meza mbili dirishani penye mwanga. Nikapanga makopo ya penseli zilizochongwa vizuri, karatasi za rangi nne, rula, vifutio. Nikakata herufi kubwa za manila nikabandika juu: KONA YA WAANDISHI. Walimu wenzangu walipita wakasifu. Mwalimu mkuu alileta wageni waione.

Wiki tatu baadaye nilizitazama zile penseli. Ncha zilikuwa zilezile.

Watoto walifika pale, ndiyo. Walichonga, wakapaka rangi kidogo, wakasukumana viti, wakaondoka. Niliwaambia, "Andikeni chochote mnachotaka." Wakanitazama. Nikadhani ni uvivu. Nikadhani bado ni wadogo mno. Nilidhani mambo mengi, na yote yalikuwa lawama kwa watoto.

Kisha siku moja msichana mmoja akanifuata mezani kwangu. Jirani yake wa dawati alikuwa mgonjwa, hajaonekana shuleni siku nne. Akaniuliza hivi, maneno yake nayakumbuka: "Mwalimu, nikimwandikia barua utampelekea?" Nikasema nitampelekea. Hakusubiri hata kuketi. Aliandika amesimama, kifua kimeegemea meza, mistari 11. Mtoto huyu hajawahi kunipa zaidi ya mistari mitatu katika daftari la insha. Alimweleza mwenzake nani amekaa mahali pake, hesabu zimefika wapi, na kwamba kifutio chake kipo salama, amekitunza.

Kabla ya kengele ya mwisho, watoto saba wengine walikuwa kwenye meza zile wakimwandikia mgonjwa. Meza zilezile. Penseli zilezile. Karatasi zilezile zilizokaa wiki tatu bila kuguswa.

Kilichoongezeka ni nini? Msomaji. Msomaji peke yake.

Walimu wenzangu, hilo ndilo neno nililokuja nalo leo. Kona ya kuandika haijengwi kwa meza. Inajengwa kwa msomaji. Kona isiyo na msomaji ni stoo ya karatasi, hata ukiipamba namna gani.

Sanduku kwanza, meza baadaye

Tangu siku ile, mtu akiniuliza aanzie wapi, simwambii atafute meza. Namwambia atafute boksi la kadibodi. Litoboe mdomo wa upana wa kiganja, andika BARUA ubavuni, liweke mahali ambapo mtoto mfupi kuliko wote atafika bila kunyanyuliwa. Kona imeshaanza.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kila barua ina jina la aliyeandika na jina la anayeandikiwa. Kila wiki yupo tarishi wa darasa, kwa zamu, na kazi yake ni kufungua sanduku kabla ya kwenda nyumbani na kugawa. Anayepokea hujibu. Tarishi mwenyewe, jamani, anasoma majina ya darasa zima kila siku! Nimekuwa na mtoto aliyekuwa anayumba katika kusoma, na wiki yake ya utarishi ilimfanyia kazi ambayo mimi nilihangaika nayo muhula mzima, kwa sababu hakuna mtoto anayekubali kupeleka barua kwa mtu asiye mwenyewe mbele ya wenzake.

Mtaniuliza, je, wakiandikiana matusi? Wataandika. Mara moja au mbili itatokea. Kwangu ilitokea, na aliyeandikiwa alilia. Nikaweka sharti moja: barua ambayo huwezi kuisoma kwa sauti mbele ya mwalimu haiingii sandukuni. Nikakaa na mwandishi wake, akaisoma mwenyewe, akashindwa katikati. Sikuhitaji kusema mengi.

Lakini jambo linaloniuma zaidi si barua mbaya. Ni mtoto asiyeandikiwa. Kila darasa linaye. Tarishi anapita, anapita tena, mtoto yule anatazama mikono yake. Kwa hiyo mwalimu lazima uwe na orodha ya majina ndani ya daftari lako, na kila Ijumaa uweke alama: huyu amepata, huyu amepata, huyu hajapata. Asiyepata, wewe ndiye utakayemwandikia. Mistari miwili inatosha. "Nimeona ulivyomsaidia mwenzako kufunga kamba za viatu. Nani alikufundisha?" Maliza kwa swali, ili awe na la kujibu.

Jambo hili si geni duniani. Ufaransa kulikuwa na mwalimu aliyeitwa Célestin Freinet. Alijeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, mapafu yake yakaharibika, akawa hawezi kusimama mbele ya darasa akazungumza kwa muda mrefu. Fikirini mwalimu asiye na pumzi ya kuhubiri darasani! Alianza kufundisha mwaka 1920 katika kijiji cha Bar-sur-Loup, na mwaka 1924 akaingiza darasani mashine ndogo ya kuchapia. Watoto walikuwa wakitoka nje, wakirudi wanasimulia walichoona, wanakiandika, wanapanga herufi za chuma kwa vidole vyao, kisha wanachapa. Halafu nini? Kurasa zile ziliwekwa kwenye bahasha na kutumwa kwa darasa la mwalimu mwingine, mbali kabisa, katika pwani ya Brittany, magharibi mwa nchi ileile. Watoto wa milimani wakasomwa na watoto wa baharini, nao wakasubiri majibu.

Mimi mashine ya kuchapia sina. Wengi wetu hatuna. Lakini bahasha je? Darasa la jirani je? Mlinzi wa getini je, ambaye watoto wanampita kila asubuhi? Darasa langu la tatu huandika vitabu vidogo kwa ajili ya watoto wa awali, na siku ya kupeleka wanakwenda wenyewe kuvisoma. Utawakuta kwenye kona wanabishana: "Hili neno ni gumu, wale wadogo hawatalielewa, weka jingine." Hapo mtoto wa miaka minane anamfikiria msomaji wake. Ningeweza kumfundisha hilo ubaoni? Nilijaribu. Halifundishiki ubaoni.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tengeni kiti kimoja pale konani, kiti cha kawaida tu, kiitwe kiti cha mwandishi. Mtoto aliyemaliza kazi yake anakikalia, anasoma, na wenzake wanamwambia kwanza walichosikia, kabla ya chochote kingine. "Nimesikia kwamba paka wako alipotea siku mbili." Kisha wanauliza maswali. Hatuanzi kwa makosa. Mtoto anataka kujua kama amesikika.

Ndani ya kona

Sasa tuje kwenye vitu, maana najua wengine wameshika kalamu wanasubiri orodha. Orodha nitawapa, ila naomba mwisikilize kwa sababu zake.

Karatasi ziwe za aina mbalimbali, na nyingi ziwe ndogo. Karatasi kubwa tupu inamtisha mtoto kama uwanja mtupu unavyomtisha mchezaji wa kwanza kuingia. Kata nusu, kata robo. Kwa wadogo, karatasi yenye nafasi ya picha juu na mistari michache chini. Mwacheni achore kwanza. Mwalimu akipita akasema "acha kuchora, andika," anamwondolea mtoto ngazi akiwa juu ya mti. Mtoto mdogo anapochora nyumba yenye moshi na mtu mlangoni, anapanga hadithi yake. Muulize, "Huyu mlangoni ni nani? Anangoja nini?" Jibu lake ndilo sentensi yake ya kwanza.

Vitabu vidogo. Karatasi moja ya A4 ukiikunja mara tatu inatoa vipande vinane. Ikunjue, ichane kwenye mkunjo mrefu wa katikati, urefu wa vipande viwili vya kati tu bila kufika ukingoni, kisha ikunje upya, unapata kitabu cha kurasa nane bila gundi wala uzi. Wafundisheni watoto wanne namna ya kukunja, watawafundisha wengine. Kitabu kina jalada, kina jina la mwandishi, kina mwisho. Mtoto asiyemaliza ukurasa wa daftari atamaliza kitabu cha kurasa nane, kwa sababu kitabu kinaonekana kimeisha.

Ukuta wa maneno uwe chini, usawa wa macho ya mtoto, usiwe juu karibu na dari unakowapendeza wageni. Anzeni na majina ya wanafunzi wote. Ndiyo, majina. Ndiyo maneno yanayohitajika zaidi kwenye sanduku la barua. Kisha yale madogo yanayowasumbua: kwa sababu, halafu, kwamba, ng'ombe na ile alama yake ndogo ya juu. Maneno yaongezwe na watoto wenyewe wanapoyahitaji. Maneno mia moja uliyobandika siku ya kwanza hayaoni mtu. Neno lililobandikwa leo kwa sababu mtoto fulani alilitaka, kila mmoja analiona.

Penseli zikae kwenye kopo moja kwa meza, zilizochongwa, na za butu zitupwe kwenye kopo la pili. Mtoto wa zamu atazichonga asubuhi. Msongamano wa kuchonga penseli umeua kona nyingi kuliko ukosefu wa karatasi. Mikasi iwe ya ncha butu. Vifutio viwe vichache. Najua baadhi yenu mtanikatalia hapa, lakini mtoto anayefuta kila neno hafiki mwisho wa mstari. Mfundisheni kukata kwa mstari mmoja na kuendelea. Tena alichokikata unakiona, na unajifunza alikuwa anawaza nini.

Halafu mtoto wa mkono wa kushoto. Mkalisheni upande wa kushoto wa benchi. Akikaa kulia kwa mwenzake wa mkono wa kulia, viwiko vinagongana na kila siku yeye ndiye anayeonekana mkorofi. Karatasi yake ielekezwe kulia kidogo, mkono ukae chini ya mstari anaoandika, ili usifute kila anachoandika. Nimeona mtoto akiadhibiwa kwa uchafu wa daftari, kumbe ni mkono wake tu unapita juu ya maneno yake. Naomba sana, hili lisiendelee.

Na kila mtoto awe na jalada lake, hata la kadibodi iliyokunjwa, na kila kazi iandikwe tarehe. Mzazi akija kuuliza maendeleo, usimpe alama. Mpe karatasi ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa sita, aziweke ubavu kwa ubavu. Mimi nimeona baba mtu mzima akizitazama mbili zile akashindwa kusema.

Wapo watakaosema, sisi hatuna hata meza. Nawasikia. Mwaka 1907 Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alifungua shule iliyoitwa Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Watoto wale walikuwa wamepapasa herufi za karatasi ya msasa kwa vidole, siku nyingi, bila kuandika. Siku moja wakiwa juu ya paa, alimpa mvulana wa miaka mitano kipande cha chaki amchoree bomba la moshi. Mtoto akachora sakafuni. Kisha akasimama, akatazama, akapaza sauti kwamba anaweza kuandika, akapiga magoti na kuandika neno la Kiitaliano lenye maana ya mkono, halafu bomba la moshi, halafu paa. Sakafu na chaki! Na tazameni: mwalimu alikuwa kando yake, anangoja kuona. Kona ilikuwa pale.

Kuimba na kuiba

Sasa naingia mahali panapotugawa. Makosa ya tahajia.

Mvulana mmoja wa darasa la pili aliketi kwenye kiti cha mwandishi akanyanyua karatasi yake kuwaonyesha wenzake picha. Wa mbele wakasoma maandishi kabla hajaanza. Alikuwa ameandika: "Dada yangu anapenda kuiba. Anaiba vizuri sana. Watu wote wanapiga makofi."

Darasa likaangua kicheko. Mtoto hakujua kwa nini. Aliikunja karatasi ikawa ndogo kama kidole gumba, akairudisha mfukoni.

Niambieni, hapo ungefanya nini? Wino mwekundu? Andika "kuimba" mara ishirini?

Nilimwomba anisomee mimi peke yangu pale konani. Akasoma, "Dada yangu anapenda kuimba." Alilitamka neno lote, m yake ipo wazi. Sikio lake lilikuwa zima. Mkono tu ndio haujaipata m, na kuna sababu. Semeni wote nami polepole: kuimba. Tena: kuimba. Midomo imefunga mara ngapi? Mara moja. M na b zinafungiwa mahali pamoja, midomo haifunguki katikati. Mtoto anaandika anachokisikia mdomoni, na mdomoni amefunga mara moja, basi ameandika herufi moja.

Mwaka 1971 mtafiti wa lugha wa Marekani, Charles Read, alichapisha kazi yake kuhusu watoto wadogo waliokuwa wakijibunia tahajia kabla ya kufundishwa. Alikuta kwamba hawabahatishi. Wanafuata sauti kwa utaratibu ambao watu wazima tumeshausahau. Na mojawapo ya mambo aliyoyakuta kwa watoto wale wa Kiingereza ni hili hili: m na n zikitangulia konsonanti nyingine, watoto huziacha. Watoto wa lugha nyingine, bara jingine, wanafanya kama yule mvulana wangu wa kuiba. Nilipolijua hilo nilikumbuka madaftari yote niliyoyatia wekundu. Nyuba. Siba. Kupada. Nilikuwa naadhibu masikio yaliyokuwa yanasikiliza kwa makini.

Basi nikamwambia yule mvulana: weka kidole ubavuni mwa pua. Sema kuiba. Sasa sema kuimba. Fanyeni na ninyi, msione haya. Mmeisikia pua ikitetema? Naye alisikia. Macho yakamtoka. Akaifungua karatasi yake, akapachika m mahali pake, sikumwambia ni wapi. Kisha, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda, akachukua jalada lake lote akaanza kuwinda. Akaipata kwenye nyumba. Akaipata kwenye simba. Kidole puani, penseli mkononi, nusu saa nzima. Kesho yake alikalia kiti cha mwandishi, akasoma, na safari hii makofi yalikuwa ya kweli.

Sisemi makosa yaachwe. Nieleweni vizuri, maana hapa watu hunitafsiri vibaya. Barua inayokwenda kwa msomaji lazima isomeke. Ndiyo heshima kwa msomaji. Ninachosema ni mpangilio. Kwanza soma alichosema. Mjibu alichosema. Halafu chagua kosa moja, moja tu, lile ambalo yupo karibu kulishinda, mfanyie kazi hilo. Mtoto akirudishiwa karatasi yenye alama nyekundu 14 hajifunzi mambo 14. Anajifunza kuandika sentensi fupi za maneno anayoyajua, na mwaka mzima utapata "Baba analima. Mama anapika. Ninapenda shule."

Wazazi, na ninyi hili linawahusu. Karatasi ikifika nyumbani, kabla hujasema "mbona hapa umekosea," mwambie umeelewa nini. Ni dakika moja tu.

Muda, na darasa la watu wengi

Hapa nitapita haraka. Mwaka 2012 Taasisi ya Sayansi za Elimu ya Marekani ilitoa mwongozo kwa walimu wa shule za msingi, ikapendekeza nusu saa ya uandishi kila siku kwa watoto wa awali, na saa nzima kuanzia darasa la kwanza: nusu ya kufundishwa, nusu ya kuandika. Najua ratiba zetu. Saa nzima wengi hatuipati. Lakini dakika 20 za kila siku zinashinda saa mbili za Ijumaa, kwa sababu mtoto anayejua kwamba kesho ataandika huanza kufikiri leo akiwa njiani.

Kama una watoto 60, kona haiwatoshi kwa pamoja. Makundi ya watoto sita, zamu mbili kwa siku, siku tano: wote 60 wamefika mara moja kwa wiki. Siku nyingine wanaandika kwenye madawati yao, na kona inawafuata ndani ya kikapu: karatasi, kopo, kadi za maneno. Wengine mtaanza na kikapu tu na hamtahitaji meza kamwe.

Wewe mwalimu wakati huo uko wapi? Si kwenye meza yako ukisahihisha. Donald Graves, mtafiti wa uandishi wa watoto katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, kati ya 1978 na 1980 alikaa na wenzake katika shule moja ya msingi wakiwatazama watoto wakiandika, siku kwa siku, neno kwa neno. Aliwafanya walimu wengi wakubali jambo jepesi: keti kando ya mtoto anayeandika, uliza, kisha usikilize. Maswali yangu ni matatu, sijawahi kuhitaji la nne. Unaandika kuhusu nini? Nani ataisoma? Sasa utafanya nini? Dakika mbili, unahamia kwa mwingine. Na penseli usiishike. Penseli ni ya mtoto. Ukiishika tu, kazi imeshakuwa yako.

Nina ombi moja kabla hamjanyanyuka. Pale nyuma, karibu na mlango, kuna meza yenye karatasi za robo na penseli. Mlipoingia mlidhani ni za mahudhurio. Kila mwalimu aliye humu ana mtoto mmoja ambaye amemjia kichwani nilipozungumzia asiyeandikiwa. Nimewaona nyuso zenu. Chukua karatasi, andika jina lake juu, mwandikie mistari miwili, umalizie kwa swali. Wazazi, mwandikieni mwanao. Kunjeni, mwondoke nazo. Jumatatu asubuhi iwe juu ya dawati lake kabla hajafika.

Meza ni ndogo, kwa hiyo tuanze na safu ya nyuma.